Mvua, Kutu na Dhahabu: Jinsi Kuoza kwa Miamba Kunavyoipanga Upya Dhahabu ya Kakamega na Migori

Mtu yeyote aliyechimba dhahabu huko Ikolomani au Rosterman kule Kakamega, au Nyatike kule Migori, anaifahamu hali hii: mita za mwanzo za shimo huwa na udongo mwekundu au wa manjano unaokatika kwa jembe na sururu, na dhahabu yake huonekana ndani ya karai na kushikwa na zebaki bila taabu kubwa. Kisha shimo hufika kwenye maji, mwamba hugeuka kuwa mgumu, wa kijivu, wenye kumetameta, na mapato huanguka ghafla hata pale ambapo vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba jiwe hilo lina dhahabu ya kutosha. Wengi husema kwamba mshipa umekufa. Mara nyingi mshipa haujafa. Kilichobadilika ni hali ya dhahabu yenyewe na mahali ilipojificha ndani ya jiwe.

Jambo ninalotaka kulifafanua ni kwamba dhahabu iliyo karibu na uso wa ardhi haipaswi kuchukuliwa kuwa kipimo cha dhahabu iliyo chini yake. Mvua, hewa, mizizi, bakteria na miaka isiyohesabika vimeipanga upya: vimeiongeza mahali pamoja na kuipunguza mahali pengine, vimeitoa katika madini yaliyoifunga, vimeiondolea madini ya fedha yaliyochanganyika nayo, na vimeiteremsha kutoka vilimani hadi mitoni. Asiyeuelewa mpangilio huo huweza kuliacha shimo zuri, au kuuzamisha mtaji wake wote katika shimo lililokwisha kutoa kila kilichokuwamo.

Tuanze na mwamba wenyewe. Ukanda wa dhahabu wa magharibi mwa Kenya, unaoonekana Kakamega, Vihiga na Siaya, kisha Migori hadi Lolgorian katika Kaunti ya Narok, umejengwa na miamba yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.7. Ni sehemu ya kaskazini ya bara kongwe lile lile linalobeba mgodi wa Geita na migodi mingine ya kaskazini mwa Tanzania. Humo mna lava za kale zilizomwagika chini ya maji, matope yaliyogeuka kuwa mawe, mawe ya chuma yenye mistari, na granaiti iliyopenya baadaye. Nakuru na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa haimo katika hesabu hii, kwa kuwa huko lava na majivu ya volkeno changa yamefunika kila kitu. Na volkeno hizo zimefika hata kufunika upande wa mashariki wa ukanda wa Migori.

Katika miamba hiyo ya kale, maji ya moto yaliyobeba salfa na dhahabu yalipanda kutoka vilindini kupitia nyufa. Shinikizo liliposhuka, na salfa ilipokutana na chuma kilichokuwamo katika mawe ya kandokando, dhahabu iliachwa hapo. Sehemu yake ilibaki kuwa metali huru ndani ya mishipa ya kwatzi, ile miamba myeupe inayofuatwa na wachimbaji. Sehemu nyingine ilifungwa ndani ya madini ya salfa: piriti, ambayo ni mchanganyiko wa chuma na salfa na ambayo kwa mng'ao wake imewadanganya wageni wengi, na arsenopiriti, ambayo ina arseniki pia. Ndani ya madini hayo, hasa arsenopiriti, dhahabu huweza kuwa chembe ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haiioni.

Jiwe la namna hiyo liliundwa kwenye joto na shinikizo, pasipo hewa. Likikaribia uso wa ardhi hukuta mazingira lisiyoyazoea. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji hayo yanapopita katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza hubeba kaboni dayoksaidi nyingi, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo hafifu, ikifanya kazi kwa mamilioni ya miaka, huyavunja madini moja baada ya jingine. Felspa, madini ya kawaida katika miamba, hugeuka kuwa kaolini, yaani udongo mfinyanzi mweupe. Madini yenye chuma hugeuka kuwa kutu za namna mbalimbali, gothiti ya kahawia na hematiti nyekundu, ambazo ndizo zinazoipa ardhi ya Magharibi rangi yake. Kalisi, sodiamu, magnesi na sehemu ya silika huyeyuka na kwenda zake na vijito hadi Ziwa Victoria. Kwatzi haitikisiki sana. Hupasuka tu na kuwa rahisi kumeguka.

Inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuoza kwa mwamba hutokea palepale ulipo, chini ya udongo, bila kitu kuhamishwa kwa nguvu. Mmomonyoko ni ule uchukuzi wa udongo na mchanga unaofanywa na maji yatiririkayo na upepo. Jiwe la Ilesi karibu na mji wa Kakamega, na mawe ya Kit Mikayi huko Seme, nje ya Kisumu, ni kazi ya mambo hayo mawili kwa pamoja: granaiti ilioza kwanza kufuata nyufa zake ikiwa chini ya ardhi, kisha mmomonyoko ukauondoa udongo uliotokana na uozo huo, na viini vigumu ambavyo havikuoza vikasalia vimesimama. Pale ambapo mmomonyoko ni wa haraka kuliko uozo, mwamba mbichi huwa wazi. Pale ambapo uozo unatangulia, blanketi la mwamba uliooza hunenepa hadi makumi ya mita. Sehemu nyingi zenye dhahabu ziko chini ya blanketi la namna hiyo, na ndani yake ndimo dhahabu ilimohamishwa.

Tuutazame ukuta wa shimo kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa kila tabaka lina habari yake. Juu kabisa kuna udongo wa shamba, mweusi kidogo, wenye mizizi. Chini yake kuna udongo mwekundu wenye vijiwe vya mviringo vya kutu, ile changarawe inayoitwa murram na inayotandikwa barabarani. Hufuata tabaka lenye mabaka, mekundu hapa, meupe au ya manjano pale, ambapo chuma kimeanza kujikusanya katika vipande na kuyaacha maeneo mengine yakipauka. Kisha huja saproliti, mwamba uliooza ambao bado umehifadhi sura ya jiwe la asili. Ukiutazama ukuta wa saproliti utaona mistari ya mwamba wa awali, utaona mshipa wa kwatzi ukiukata kwa mteremko uleule ulioendelea nao chini kwenye jiwe gumu, lakini ukiligusa jiwe hilo kwa kidole linabonyea. Katika kwatzi yenyewe huwa kuna vitundu vidogo vya mraba vilivyojaa unga wa kahawia. Vitundu hivyo ni makaburi ya piriti: fuwele za mraba zilikuwamo, zikaoza, zikaacha umbo lao na kutu yao. Mchimbaji mzoefu huipenda kwatzi ya namna hiyo kuliko kwatzi nyeupe safi, na ana haki kabisa ya kuipenda.

Sababu ya kuipenda ni hii. Piriti inapopata oksijeni na maji hugeuka kuwa kutu na asidi ya salfa, na kuna bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa ambao huiharakisha kazi hiyo kupita kiasi ambacho hewa peke yake ingeweza. Dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani ya fuwele haiunguzwi na oksijeni, wala asidi ya salfa peke yake haiwezi kuiyeyusha; kwa hiyo fuwele inapooza, dhahabu huachwa ndani ya ule unga wa kahawia, ikiwa huru. Ndiyo maana karai na zebaki hufanya kazi vizuri juu. Chini ya kiwango cha maji ya ardhini mambo ni tofauti, kwa kuwa maji hubeba oksijeni kidogo mno, miligramu chache tu kwa lita, nayo hutumika mapema. Piriti na arsenopiriti hubaki salama, na dhahabu iliyomo ndani yake hubaki imefungwa. Zebaki haiwezi kushika kisichoguswa nayo, na kinu cha kusagia mawe hakisaidii ikiwa chembe za dhahabu ni ndogo kuliko unga unaotoka kinuni. Hata sayanidi, sumu inayotumika migodini kuyeyusha dhahabu, hushindwa na sehemu kubwa ya mawe ya aina hiyo, mpaka kwanza salfa iondolewe kwa joto kali, kwa oksijeni chini ya shinikizo, au kwa bakteria walewale wanaotunzwa ndani ya matangi.

Niseme hapa wazi: kuchoma jiwe lenye arsenopiriti kwa kuni au makaa nyumbani ili kuifungua dhahabu ni hatari ya kifo. Arseniki hupanda pamoja na moshi, na hutua juu ya chakula, maji na watoto walio karibu.

Njia ya kwanza ya dhahabu kuongezeka karibu na uso ni rahisi kuielewa. Tuseme tani moja ya mwamba mbichi ina gramu 2 za dhahabu. Uozo ukiyeyusha na kuondoa nusu ya uzito wa mwamba huo huku dhahabu ikisalia, nusu tani iliyobaki itakuwa bado na gramu 2, yaani gramu 4 kwa kila tani. Hakuna dhahabu mpya iliyoletwa. Kilichotokea ni sawa na mama anayepepeta mtama kwenye ungo: makapi yameruka, nafaka imesalia. Pale ambapo udongo umekuwa ukishuka taratibu kadiri tabaka za juu zinavyoondolewa, dhahabu ya unene mkubwa wa mwamba uliokwisha kutoweka hukusanyika katika mita chache za juu, tena hutanda kwa upana kuliko mshipa uliyoizaa. Mtu akipima udongo huo na kudhani kwamba mshipa ulio chini ni mpana na tajiri kiasi hicho, atakuwa amejumlisha hesabu ya milima iliyokwisha kuondoka.

Kama mambo yangeishia hapo, dhahabu ingekuwa kitu kisichosogea isipokuwa kwa kusukumwa. Sivyo. Dhahabu huyeyuka katika maji ya kawaida ya ardhini, kwa kiasi kidogo sana, pale vitu viwili vinapokutana: kimoja cha kuinyang'anya elektroni, na kingine cha kuishika isirudi kuwa metali. Kimoja kikikosekana, haiyeyuki. Hili ndilo linaloifanya safari ya dhahabu kuwa tofauti kati ya nchi na nchi, hata kati ya kilima na kilima.

Katika maeneo makavu ya Australia Magharibi, karibu na mji wa Kalgoorlie, maji ya ardhini yana chumvi nyingi kuliko bahari, na katika tabaka zilizooza huwa na asidi pia. Kloridi iliyomo katika chumvi huishika dhahabu, oksijeni au oksidi za manganizi huinyang'anya elektroni, na dhahabu huyeyuka. Matokeo yake ni ya kushangaza kwa mtu aliyezoea ardhi yetu: chini ya tabaka la juu lenye dhahabu kuna mita nyingi za saproliti ambayo karibu haina dhahabu kabisa, kisha chini zaidi dhahabu hurudi. Imeyeyushwa kutoka katikati na kutuliwa chini, pale maji hayo yalipokutana na chuma ambacho hakijapata kutu. Chuma cha aina hiyo huirudishia dhahabu elektroni zake, nayo hugeuka kuwa metali tena, safi, katika fuwele ndogo ndogo na utando mwembamba ndani ya nyufa. Mchimbaji anayesimama ndani ya tabaka tupu la namna hiyo ana kila sababu ya kukata tamaa, na kumbe yuko mita chache tu juu ya tabaka lililotajirishwa.

Magharibi mwa Kenya njia hiyo ya chumvi ina nguvu ndogo leo, kwa sababu mvua nyingi huisafisha chumvi na kuipeleka ziwani, na vijito vyetu ni vya maji matamu. Lakini kuna njia nyingine mbili. Ya kwanza hutokea pale piriti inapooza katika mwamba wenye chokaa. Chokaa huizimua asidi, na salfa, badala ya kwenda moja kwa moja kuwa salfeti, hupitia hatua ya kati iitwayo thaiosalfeti, ambayo huishika dhahabu barabara. Hatua hiyo haidumu. Thaiosalfeti ikivunjika, dhahabu hutua karibu, mara nyingi pamoja na sehemu ya fedha iliyokuwa nayo. Kwa hiyo safari yake huwa fupi, lakini inatosha kuitoa kwenye fuwele moja na kuiweka kwenye ufa wa jirani.

Njia ya pili ni ya uhai wenyewe. Asidi za mboji huishika dhahabu au huibeba kama chembe ndogo mno zinazoelea majini bila kuzama. Bakteria na kuvu kadhaa wa udongoni hutengeneza sayanidi kwa kiasi kidogo, na mimea pia, kama wajuavyo wote waliofundishwa kuloweka muhogo mchungu kabla ya kuupika. Sayanidi hiyo huyeyusha dhahabu kwa kanuni ileile inayotumika katika matangi ya migodi mikubwa. Katika nchi ya misitu na mvua kama Kakamega, nadhani njia hii inastahili kupewa uzito mkubwa kuliko inavyopewa kwa kawaida, kwa sababu udongo wetu wa juu umejaa viumbe na mboji mwaka mzima.

Bakteria hawayeyushi tu. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Frank Reith walichapisha uchunguzi wa punje za dhahabu kutoka sehemu mbili za Australia zilizo mbali sana, wakakuta juu ya punje nyingi utando wa viumbe hai wenye bakteria aitwaye sasa Cupriavidus metallidurans. Bakteria huyo hudhurika na dhahabu iliyoyeyuka, kwa hiyo hujilinda kwa kuigeuza kuwa chembe za metali. Hivyo dhahabu iliyoyeyushwa na kiumbe mmoja huweza kutuliwa na kiumbe mwingine sentimita chache kando, na punje hupata koti jipya.

Koti hilo huonekana waziwazi punje ya dhahabu inapokatwa na kung'arishwa chini ya hadubini ya elektroni. Kiini chake huwa na fedha, mara nyingi asilimia kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 10, kama ilivyotoka kwenye mshipa. Pembezoni kuna ukingo mwembamba wa dhahabu karibu tupu, na ukingo huo huingia ndani kufuata mipaka ya fuwele kama mizizi. Fedha huyeyuka kwa urahisi kuliko dhahabu, kwa hiyo ndiyo hutangulia kuondoka, na dhahabu mpya inayotuliwa juu huwa haina fedha. Hii ndiyo sababu mojawapo ya dhahabu ya mitoni kuwa kwa kawaida safi kuliko ile ya mshipa ulioizaa, jambo ambalo mnunuzi makini hulitambua kwa rangi na uzito, na ambalo muuzaji naye angefaa kulijua kabla ya kukubali bei moja kwa dhahabu zote.

Je, mabonge makubwa ya dhahabu yameota udongoni kwa njia hiyo? Wengi wameamini hivyo, hasa kwa sababu mabonge kama lile la Welcome Stranger, lililopatikana Victoria huko Australia mwaka 1869 likiwa na zaidi ya kilo 70 za dhahabu, hukutwa karibu sana na uso wa ardhi ilhali mishipa ya chini haina vipande vikubwa hivyo. Mabonge yaliyokatwa na kuchunguzwa yanatoa jibu jingine: ndani yake yana fedha na mpangilio wa fuwele unaotokana na joto la vilindini. Yamezaliwa kwenye mshipa, yakafichuliwa na uozo. Dhahabu inayoota udongoni ipo kweli, lakini kwa kawaida ni chembe ndogo na utando.

Mmomonyoko unapoufikia mwamba uliooza, dhahabu huanza safari ya pili. Uzito wake ni gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na wa kwatzi ni takriban 2.65, kwa hiyo maji yanayobeba mchanga kwa kasi huiacha dhahabu nyuma, chini ya changarawe, katika mipasuko ya mwamba wa sakafu ya mto, nyuma ya mawe makubwa, na upande wa ndani wa kona. Hubaki pamoja na mchanga mweusi wa magnetiti na madini mengine mazito, ule unaojipanga kwenye ukingo wa karai mwishoni mwa kuosha. Punje zilizo karibu na mshipa wake huwa na pembe kali, hata vipande vya kwatzi vikiwa bado vimeng'ang'ania. Zikisafiri, hupondwa, hujikunja na kuwa bapa. Kwa hiyo anayepanda juu kufuata mto akikuta punje zinazidi kuwa na pembe, kisha ghafla zikakosekana, amekipita chanzo, nacho kiko kwenye mteremko wa upande mmojawapo aliokwisha kuuacha nyuma.

Ndivyo ukanda wa Kakamega ulivyofichuliwa. Mwaka 1931 walowezi walipata dhahabu katika mchanga wa Mto Yala na vijito vyake, habari zikaenea, na mwaka 1932 mwanajiolojia Albert Kitson akatumwa kuikagua nchi hiyo na kuandika ripoti. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili wachimbaji wapewe ardhi bila wenyeji kushauriwa wala kufidiwa kwa ardhi nyingine, dhuluma ambayo wazee wa Kakamega hawakuisahau. Dhahabu ya mitoni ndiyo iliyowaleta watu. Mishipa, ukiwamo ule wa Rosterman ulioendelea kuchimbwa hadi 1952, ilitafutwa baadaye kwa kupanda vilima kufuata alama zilizoshuka.

Macalder, katika eneo la Nyatike, inaonyesha uso mwingine wa jambo hilihili. Hapo mwamba wa chini ni lundo zito la salfa lenye shaba, zinki, dhahabu na fedha. Sehemu yake ya juu ilioza na kuwa kofia ya kutu. Asidi iliyotokana na salfa iliyayeyusha shaba na zinki na kuyaondoa, dhahabu ikabaki ndani ya kutu. Kwa hiyo kwanza ilichimbwa dhahabu ya juu, na shaba ikafuata chini katika miaka ya 1950, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Mahali pamoja palikuwa na migodi miwili iliyopandana, na kilichoitenganisha ni kiwango ambacho hewa na mvua viliweza kufika.

Kwa anayetafuta dhahabu leo, haya yote yana matumizi. Udongo wa mgongo wa kilima hueleza habari za mwamba ulio chini yake moja kwa moja, ilhali udongo wa mteremko umeshuka kutoka juu na unapaswa kurudishwa kwenye chanzo chake kwa mawazo kabla ya kuchimbwa. Arseniki, kwa kuwa hutoka katika arsenopiriti na kisha kung'ang'ania kutu ya chuma, husambaa kwa upana kuliko dhahabu na huweza kuonyesha mshipa hata pale punje zenyewe ni adimu. Vichuguu vya mchwa ni msaada wa bure, kwani mchwa hupandisha udongo kutoka vina ambavyo jembe halifiki, na katika Afrika dhahabu imewahi kutafutwa kwa kuchota na kupima udongo wa vichuguu. Kinyume chake, udongo mweusi wa mabondeni, ule unaopasuka wakati wa kiangazi katika tambarare za Migori, umeletwa kutoka kwingine. Sampuli ya juu iliyochukuliwa hapo haisemi lolote kuhusu mwamba wa chini, na majibu yake ya sifuri yasimvunje mtu moyo wala kumpa uhakika.

Tena, karai moja haitoshi. Dhahabu iliyotulia katika nyufa na vitundu vya kutu haikutawanyika sawasawa, na punje moja kubwa huweza kuifanya kilo moja ya udongo ionekane tajiri huku kilo kumi za pembeni zikiwa tupu. Sampuli nyingi ndogo zilizochukuliwa kwa mstari, kila tabaka peke yake, hueleza ukweli kuliko sampuli moja iliyochaguliwa kwa sababu inang'aa. Na shimo linapoanza kutoa jiwe la kijivu lenye piriti, huo ndio wakati wa kulipeleka maabara lipimwe mara mbili: dhahabu yote iliyomo, na dhahabu inayoweza kutoka kwa njia aliyo nayo mchimbaji. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo itakayoamua kama shimo liendelee.

Uozo hausimami mchimbaji anapoondoka. Malundo ya mchanga uliokwisha kuoshwa, yakiwamo yale ya Macalder, yana piriti iliyosagwa na kuachwa kwenye hewa na mvua, na piriti iliyosagwa huoza haraka kuliko ile iliyo ndani ya jiwe zima. Dhahabu ambayo kinu na zebaki vya zamani havikuifikia hufunguliwa taratibu, na ndiyo sababu watu huyaosha malundo hayo upya na kupata kitu. Lakini asidi, arseniki na zebaki iliyomwagwa awali hufunguliwa pia. Arseniki hukaa imeshikwa na kutu maadamu kuna hewa. Ikifukiwa katika tope la bwawa au la ukingo wa mto lisilo na oksijeni, kutu hiyo huyeyuka na kuiachilia majini. Kwa hiyo lundo linalooshwa upya halipaswi kuelekezwa kwenye Mto Migori wala kwenye kijito cha kunyweshea mifugo, bali katika shimo lililozungushiwa udongo mfinyanzi. Malighafi ya kazi hiyo haiko mbali: ile kaolini nyeupe iliyotokana na felspa kwenye ukuta wa shimo lenyewe haipitishi maji kwa urahisi, na mara nyingi hutupwa kando kwa sababu haina dhahabu.